Bunduki ya Shule ya Jirani

Nchi hiyo ipo, ila msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana waliochora ramani waliombwa kwa heshima zote waiache, nao wakaona vyema kuheshimu.

Ilikuwa nchi tulivu sana. Utulivu wake uliandikwa kwenye stempu, kwenye magunia ya sukari na kwenye mikanda ya askari, na ili usije ukatoroka ulilindwa kwa bunduki nyingi. Bunduki zilizidi hata wenyewe wakawa wanazisahau huku na huko. Mbunge mmoja alisahau bastola yake kwenye kapu la sadaka, na mzee wa kanisa akaitangaza kuwa mchango wa ujenzi. Askari mmoja alitundika bunduki kwenye msumari wa kibanda cha chai, akanywa chai yake, akaenda zake, na mama mwenye kibanda akawa anaanikia matambara ya vyombo juu ya mtutu. Mkuu wa Wilaya aliacha ya kwake kwa kinyozi, akaikumbuka nywele zilipoota tena.

Tatizo likawa watoto. Watoto huokota vitu. Mmoja wa darasa la pili aliokota bastola jalalani nyuma ya ofisi ya kata, akaichezea, ikamchukua vidole vya mkono wa kulia. Serikali ilisikitika siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana. Baada ya chakula, Mheshimiwa Chokala, Waziri wa Utulivu, akazungumza na taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumelichunguza jambo hili mpaka kwenye mizizi. Wenye bunduki ni watu wazima, na mtu mzima akishakomaa hafundishiki tena. Anayefundishika ni mtoto. Basi hatutawasumbua watu wazima waache kusahau silaha zao. Tutawafundisha watoto kuwa makini."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa mlangoni walisimama askari, na askari wale nao walikuwa watu wazima.

Ndivyo lilivyoanza somo la Usalama wa Bunduki, kuanzia darasa la kwanza, katika shule zote za serikali. Ili lipate nafasi, masomo ya Kuimba na Kuchora yaliondolewa, maana wataalamu waligundua kwamba hayajawahi kumlinda mtu yeyote.

*

Mwalimu Tumbuli Sekwao, mkuu wa Shule ya Msingi Mkongeni, hakuwa na ugomvi na bunduki. Ugomvi wake ulikuwa na Shule ya Msingi Ushindi.

Shule hizo mbili zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Upande wa pili wa minyaa alitawala Mwalimu Leokadia Fungo, aliyesoma na Tumbuli chuo kimoja cha ualimu na huko akampita katika kila kitu isipokuwa urefu. Kengele ya Leokadia ilikuwa kengele kweli. Ya Tumbuli ilikuwa rimu ya lori iliyogongwa kwa nondo. Mipera ya Leokadia ilizaa; ya Tumbuli ilitoa maua, ikafikiri, ikaghairi. Hata mvua, kwa macho ya Tumbuli, ilianzia Ushindi na kufika Mkongeni imeshachoka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Leokadia hakujua kuwa anashindana na mtu. Kila asubuhi alimsalimu juu ya minyaa kwa sauti ya furaha, na Tumbuli akaitikia huku akiyahesabu mapera ya mwenzake.

Siku ya kuletewa vifaa vya somo jipya, Tumbuli aliwapanga wanafunzi mstari wawili wawili, akavaa koti la harusi yake. Lori la Wizara likaja na vumbi lake. Likapita lango la Mkongeni bila hata kupunguza mwendo, likaingia Ushindi.

Tumbuli alichungulia kwenye minyaa. Aliona likishushwa kabati la chuma la rangi ya kijani, lenye kufuli kubwa kama kiatu cha mtoto. Likashushwa sanduku refu, na ndani ya sanduku bunduki, bunduki haswa, ikimetameta kwa mafuta. Ikashushwa saruji na mabati ya kujengea chumba chake. Mwisho akashuka askari mnene mwenye bunduki yake mwenyewe begani, aliyeletwa kuilinda ile nyingine.

"Hata mlinzi," alisema Tumbuli peke yake. "Hata mlinzi wamempa!"

Lori likageuza, likaja Mkongeni. Akateremka Bwana Ngwira, Afisa wa Vifaa vya Utulivu, akiwa na kitu alichokiviringisha kwenye gazeti. Tumbuli akakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi. Akafungua. Ndani mlikuwa na kipande cha mbao kilichochongwa umbo la bunduki na kupakwa rangi nyeusi ambayo ilikuwa haijakauka.

"Bwana Afisa," alisema Tumbuli, "hii ni mbao."

"Ni bunduki, Mwalimu. Ila bado ipo katika hatua ya mbao."

"Na wenzetu wa Ushindi?"

"Wao wako hatua ya chuma. Nchi inajengwa kwa awamu."

"Na mlinzi wetu yuko wapi?"

Ngwira alimtazama kwa huruma ya kiofisi. "Mbao haiibwi, Mwalimu. Lakini mkijisikia kuilinda, Wizara haina kipingamizi."

Wakapeana mikono, na rangi ya mbao ikahamia kwenye koti la harusi.

*

"Imekaa vizuri mkononi," alisema mkewe, Semeni, walipofika nyumbani. Semeni alifundisha darasa la kwanza hapo hapo Mkongeni, na binti yao wa pekee, Zawena, alikuwa mwanafunzi wake. "Kesho naanza nayo."

"Mama Zawena, huoni kama wametudharau?"

"Waliotudharau ni wale wasioleta chaki tangu mwaka jana. Hii mbao haina kosa."

"Ya Leokadia ina mtutu wa kweli."

"Na inaua kweli. Wewe unaitakia nini shuleni?"

Tumbuli alijiongezea mchuzi. Ukweli ni kwamba bunduki hakuitaka. Alichotaka ni Leokadia asiwe nayo, na hilo mtu hawezi kumwambia mkewe wakati anakula wali wake.

Basi Semeni akafundisha, darasa lake kwanza, kisha shule nzima. Mtaala wa Wizara ulijaa maneno mazito kuhusu historia ya baruti na wajibu wa raia, lakini katikati mlikuwa na mambo manne ya maana, naye akayachomoa hayo, mengine akayaacha yalale. Ukiona bunduki: simama. Usiguse. Ondoka. Kamwambie mtu mzima unayemwamini.

Aliwafanya watoto wacheze. Ile mbao aliificha kwenye gunia la unga, chini ya dawati, kwenye sufuria la uji, siku nyingine ndani ya mfuko wa koti la mumewe. Mtoto akiiona tu, anasimama wima, mikono anaipeleka nyuma, anarudi kinyumenyume, kisha anageuka na kutoka. Hakuna kukimbia, hakuna kupiga kelele. Mtu wa kwenda kumwambia, Semeni hakuwachagulia. "Kila mmoja anamjua wa kwake," aliwaambia. Wengine walikwenda kwa mpishi wa uji, wengine kwa fundi baiskeli aliyekaa nje ya lango. Yule mtoto aliyepoteza vidole alihamishiwa Mkongeni muhula huo, na yeye ndiye aliyekuwa anasimama wa kwanza kila mara, kabla wenzake hawajaona kitu. Shule jirani zenye bunduki za mbao, na hizo ndizo zilikuwa karibu zote, zikatuma walimu wao kuja kutazama, wakaenda kufanya vivyo hivyo.

Tumbuli hakutazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye minyaa, ambako alikuwa ametoboa tundu la kutosha jicho moja na nusu.

Alichokiona huko kilimkosesha raha. Bunduki ya Ushindi ilikuwa ya thamani mno kuonyeshwa watoto, kwa hiyo iliwekwa kabatini, kabati likafungiwa chumbani, na ufunguo ukapelekwa wilayani kwa usalama. Somo lilipofika, wanafunzi walipangwa mbele ya mlango uliofungwa na kuupigia saluti, kisha wakaimba wimbo wa kumshukuru Mheshimiwa Chokala. Hakuna mtoto wa Ushindi aliyejua bunduki inafananaje, mbali na ile ya askari mnene, iliyokuwa inalala kwenye majani pembeni yake kila alipolala, na alikuwa mtu wa kulala.

Lakini wageni walikuja! Walikuja kutoka mkoani kupiga picha na mlango. Waliletewa viti vyenye mito. Walikunywa chai ya maziwa na sambusa, na Tumbuli kutoka kwenye tundu lake alijua nani alikula ngapi na nani alifunga nyingine kwenye leso. Gazeti la serikali likatoa picha ya Leokadia amesimama kando ya kufuli. Katika picha hakucheka. Tumbuli akasema ni maringo.

*

Asubuhi moja Leokadia alikuja mpaka kwenye minyaa, akaita kwa sauti ya chini.

"Mwalimu Tumbuli, una nafasi kidogo?"

"Tuna kazi nyingi huku, Mwalimu. Hatuna walinzi wa kutusaidia."

Leokadia hakuisikia miiba iliyokuwa kwenye maneno hayo, au aliisikia akaipisha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwenzangu, nakuonea gere," alisema. "Nimemwona Semeni na ile mbao yake. Watoto wenu wanajua la kufanya. Wangu wanajua kuimba. Yule askari akilala, bunduki yake inabaki kwenye majani, na watoto wanapita pale wakienda chooni. Jana nimemkuta mmoja ameinama anaitazama. Nimesema wilayani, wameniambia nisiingilie mambo ya ulinzi. Kwa kweli wangenipa mbao kama yako, leo hii ningewarudishia chuma chao."

Mtu mwingine angesikia mama aliyejawa na hofu. Tumbuli alisikia mama anayeringa. Amepewa kabati, amepewa saruji, amepewa sambusa, sasa anataka na mbao! Na juu ya yote anasema yeye ndiye mwenye gere. Miaka yote hiyo wivu ulikuwa mali ya Tumbuli, kitu pekee alichokuwa nacho kwa wingi kuliko Leokadia, na sasa hata huo anataka kumpokonya.

"Pole," alijibu. Mchana wake akapanda baiskeli mpaka ofisini kwa Bwana Ngwira.

"Sisemi neno baya juu ya mwenzangu," alianza, akiwa ameweka kofia magotini. "Ni mtu mzuri. Ila anasema angependa kukirudisha chuma chao."

Ngwira aliacha kukoroga chai. "Alisema *chao*?"

"Masikio yangu yanaweza kuwa yamekosea."

"Chuma *chao*! Maana yake ni kwamba siyo *chetu*?"

"Mimi ni mwalimu wa hesabu tu, Bwana Afisa. Sarufi nawaachia ninyi."

Kabla ya wiki kwisha Leokadia alivuliwa ukuu wa shule na kupelekwa kozi ya Kuizoea Silaha, ambamo wanakozi walikaa kwenye benchi kutwa nzima wakiitazama bunduki na kusema nayo maneno mema. Ilitangazwa pia kwamba hataruhusiwa kuingia kwenye sherehe yoyote ya taifa mpaka moyo wake ulainike. Kabati, mabati, bunduki na askari mnene vikabebwa kupitia pengo kwenye minyaa na kutua Mkongeni.

Tumbuli akazunguka lile kabati kama bwana harusi. Akaligonga kwa vidole, likalia vizuri. Basi furaha ikamkaa, akaisubiri ienee mwili mzima, lakini ilipofika kifuani ikagoma. Ng'ambo ya pili wanafunzi wa Ushindi walikuwa wanalia. Walikuwa wamempelekea Leokadia viazi vitamu na kuku mmoja aliyefungwa miguu, na walikuwa wanalia kwa sauti kama watoto waliofiwa. Zawena mwenyewe alikuwa amevuka minyaa, amesimama pamoja nao, analia pia, kwa sababu Leokadia ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, siku nyingi zilizopita, baba yake alipokuwa na shughuli.

Tumbuli akajiuliza: siku akihamishwa yeye, nani atalia? Akafikiria majina. Akaacha.

Jioni hiyo Semeni alipika kama kawaida. Alipomaliza kupakua, aliuliza, "Baba Zawena, nani alimsemea Leokadia?"

"Serikali ina masikio mengi."

"Moja lina kofia na baiskeli," alisema Semeni, akachukua sahani yake akaenda kula na mtoto jikoni.

*

Siku ya Utulivu ilipokaribia, ikatangazwa kwamba mwaka huu watoto wote wa wilaya watajaa uwanjani, na shule itakayokaa mbele kabisa, chini ya jukwaa kuu, ni Mkongeni. Tumbuli alipewa kiti jukwaani, safu ya nyuma ya Mheshimiwa Chokala, kiti chenye mto. Aliujaribu mto huo siku ya maandalizi. Ulikuwa laini kuliko ile ya wageni wa Ushindi, alihakikisha.

"Kuna jambo," alisema Semeni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza naye kwa hiari tangu siku ile. "Kwenye gwaride kutakuwa na bunduki."

"Ndiyo sherehe yenyewe hiyo, Mama Zawena."

"Watoto nimewafundisha bunduki. Sikuwafundisha bunduki ya nani."

"Wataelewa zile ni za serikali."

"Ile iliyomkata mwenzao vidole ilikuwa ya nani?"

"Usiniharibie siku," alisema Tumbuli.

Siku ikafika, jua likawaka. Uwanja ulijaa watoto waliovaa sare, kila shule na bango lake. Leokadia, kwa kuwa moyo wake ulikuwa bado mgumu, alibaki nje ya lango kwenye jua, kando ya mama muuza miwa. Tumbuli aliweza kumwona kutoka jukwaani. Alikuwa amejifunika kanga kichwani, anamenya muwa, anacheka na mama yule. Tumbuli akakaza mgongo kwenye kiti chake. Alitamani Leokadia ainue uso amwone alivyokaa. Leokadia alikuwa anatafuna muwa.

Tarumbeta zikalia, na bunduki zikaingia. Ziliingia kwa safu, begani mwa askari, zikimulika jua. Nyuma yake mizinga, nyuma ya mizinga vifaru vilivyoacha lami imekunjamana.

Watoto wa Mkongeni wakasimama.

"Adabu hiyo!" alisema Mheshimiwa Chokala, akatabasamu.

Watoto wakaweka mikono nyuma. Yule asiye na vidole alikuwa ameshaweka. Wakarudi kinyumenyume hatua kadhaa, taratibu, bila kusukumana. Wakageuka. Wakaanza kutoka.

Shule iliyokaa nyuma yao ilikuwa imefundishwa kwa mbao vilevile. Ikasimama, ikageuka, ikatoka. Na iliyofuata. Uwanja mzima ukawa unamwagika polepole kuelekea langoni, kimya, watoto wameshikana mikono wawili wawili, na bango la shule moja lililoandikwa TUNAPENDA GWARIDE LETU likabaki limelala kwenye nyasi. Walibaki watoto wa Ushindi peke yao, wakiimba wimbo wa kumshukuru Mheshimiwa, wakigeuza shingo kuona wenzao wanakwenda wapi.

"Wanakwenda wapi?" aliuliza Mheshimiwa.

"Wanaondoka, Mheshimiwa," alisema Ngwira, jasho likimtiririka.

"Hilo naliona. Nauliza wapi."

"Kumwambia mtu mzima wanayemwamini. Ndiyo mtaala."

Uso wa Mheshimiwa ukalainika. Akanyoosha tai. Akasimama mbele ya jukwaa, akafungua mikono kuwapokea. "Basi waacheni waje," alisema. "Pigeni makofi, tuwatie moyo."

Jukwaa zima likapiga makofi. Tumbuli alipiga kuliko wote. Alikuwa anaogopa, na alipoogopa mikono yake ilijua kazi moja tu. Alipiga huku akiziangalia bunduki zinapita, akainuka kwenye mto akapiga amesimama, viganja vikawaka moto.

Watoto wakalipita jukwaa. Wakampita Mheshimiwa na mikono yake iliyofunguliwa, kama maji yanavyolipita jiwe. Kwenye mkondo huo Tumbuli alimwona Zawena. Mtoto alitoka kwenye mstari, akaja mpaka ngazi ya jukwaa, akainua uso kumtazama baba yake. Tumbuli akamtolea tabasamu, akaendelea kupiga. Zawena akasimama kidogo. Kisha akarudi kwenye mstari.

Nje ya lango kila mtoto akamtafuta wa kwake. Wengi walikwenda kwa mama zao waliokuwa wanauza karanga na barafu. Wengine wakamwambia fundi baiskeli. Mmoja alimwambia punda wa mkokoteni wa maji, kwa kuwa punda yule alikuwa mzima na hajawahi kumdanganya. Zawena alikwenda moja kwa moja kwa Leokadia, akamshika kanga.

Kutoka jukwaani Tumbuli hakusikia kilichosemwa. Aliona tu Leokadia akitupa muwa chini, akipiga magoti kwenye vumbi ili uso wake ulingane na wa mtoto, na akisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono wakaondoka pamoja.

Hapo ndipo wivu wa maisha yote ya Tumbuli ulipoonekana kuwa ulikuwa mazoezi. Kengele, mipera, kabati, kufuli: hivyo vyote vilikuwa vinamchoma juu juu. Huu uliingia mpaka ndani, ukakaa.

*

Mheshimiwa Chokala hakuwa waziri kwa bahati. Gwaride lilipomaliza kupita mbele ya viti vitupu na watoto wa Ushindi, alishika kipaza sauti.

"Mmeona!" alisema. "Uwanja umebaki mtupu bila mtoto hata mmoja kuumia. Hili lilikuwa zoezi, na limefaulu kuliko tulivyotarajia, kwa sababu hatukulitarajia. Yuko wapi mwalimu aliyetufikisha hapa?"

Tumbuli akasukumwa mbele. Akavikwa nishani pana kama kisosi, akatangazwa kuwa Mratibu wa Taifa wa Usalama wa Bunduki, mwenye gari, dereva na bunduki ya chuma. Wapiga picha wakampiga kushoto na kulia. Vyote alivyowahi kumwonea Leokadia wivu alipewa siku hiyo kwa mkupuo, na vingine ambavyo Leokadia hakuwahi kuvisikia.

Aliaga mapema. Alisema anakwenda kumchukua mtoto. Hilo lilikuwa kweli, lakini njia nzima alikuwa anaiweka sawa nishani, ikae katikati ya kifua, mahali ambapo mtu akifungua mlango ataiona kwanza. Alitaka Leokadia aione. Alitaka mara moja tu maishani mwake aone gere kwenye macho yale.

Alipopita kwa kinyozi, redio ilikuwa inatangaza marekebisho. Mambo manne ya somo yamesahihishwa na kuwa: simama, usiguse, kaa, pongeza. Bunduki zote za mbao zikusanywe na kuchomwa moto, kwa kuwa zimethibitika kuwa ni hatari. Za chuma zibaki zilipo. Kinyozi akatikisa kichwa, akaendelea kunyoa.

Nyumbani kwa Leokadia, mwenyewe ndiye aliyefungua mlango.

"Karibu, Mwalimu. Hongera, tumesikia." Akaishika nishani kwa vidole viwili, akaipima, akaiachia. "Nzito. Itakuchosha shingo. Ingia ndani, Semeni ameshafika, yupo uani anatwanga."

Tumbuli aliyatafuta macho yake. Hayakuwa na gere. Yalikuwa yamechoka tu, na upande mmoja wa uso ulikuwa umeungua na jua la langoni.

"Mwalimu Leokadia," alisema, "yale mambo ya kozi... kwa kweli mimi..."

"Bwana Ngwira aliniambia ni nani, siku ile ile. Aliniambia kwa jina." Leokadia alikuwa anamimina chai. "Sukari vijiko vingapi?"

Tumbuli hakumbuki alijibu nini. Chai ilikuja ina sukari. Zawena alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya karanga. Alipoona baba amepewa kikombe bila kisahani, aliinuka akaenda kabatini mwa Leokadia, akafungua mlango wa chini bila kuuliza, akatoa kisahani, akakileta. Tumbuli akatambua kwamba nyumbani kwao mtoto huyu huwa anauliza kila kitu kilipo.

Alipokuwa amerudi kwenye mkeka, baba yake aliinama, nishani ikaning'inia kati yao.

"Zawena, mwanangu," alisema, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyopanga. "Mimi nilikuwa pale pale. Karibu kabisa. Mbona ulinipita ukaja huku?"

Zawena alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Nilikuja kwako kwanza, Baba," alisema. "Ulikuwa unapiga makofi."

Akarudi kwenye karanga zake. Uani mchi wa Semeni uliendelea kupiga. Mratibu wa Taifa akaitazama mikono yake, viganja bado vyekundu, na kwa muda mrefu hakujua aiweke wapi.